Filamu ya Video katika Kufundisha Mwendo wa Roboti

Mwalimu anayetengeneza filamu ya video kwa somo la roboti aghalabu huanza na roboti yenyewe. Nasi tulianza hivyo hapa Tabora, tukakosea. Filamu yetu ya kwanza ilionyesha kigari chenye mota mbili kikikimbia juu ya meza, huku sauti ya mwalimu ikieleza tangu mwanzo hadi mwisho. Watoto walipiga makofi. Kisha tulikiweka kigari hicho kwenye mchanga wa uwanjani, kikanasa. Tulipouliza sababu, karibu darasa zima lilijibu kwamba betri zimekwisha. Betri zilikuwa mpya.

Basi tukarudi kwenye baiskeli, chombo ambacho watoto wa hapa wanakijua vema. Ipindue isimame juu ya kiti na usukani wake. Tia alama ya chaki kwenye tairi la nyuma. Iweke simu juu ya dawati isitikisike. Baiskeli yetu ilikuwa na meno 44 mbele na 20 nyuma: pedali ikizungushwa mara 5, gurudumu huzunguka mara 11. Izungushe polepole kwa mkono, kwani ukienda haraka gurudumu litaendelea lenyewe baada ya pedali kusimama, na hesabu itaharibika. Wakati wa kuhesabu, mwalimu anyamaze. Jambo hili lilitushinda kuliko kupiga picha!

Hapo filamu isimamishwe, watoto waulizwe: kasi hii tumeilipia nini? Wanaobeba mkaa kwa baiskeli wanalijua jibu. Penye mchanga au kilima hushuka wakasukuma. Hata mpagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19, katika njia ya kutoka Unyanyembe kwenda Bagamoyo, alipopanda mlima na mzigo begani bila shaka alifupisha hatua.

Mota ya roboti huzunguka upesi lakini ina nguvu kidogo, hivyo mpango hugeuzwa: gurudumu dogo la meno 10 kwenye mota, kubwa la meno 40 kwenye ekseli. Mota huzunguka mara 4 ndipo ekseli izunguke mara 1, na nguvu ya kuzungusha hukaribia kuwa mara 4, ikipunguzwa kidogo na msuguano. Kupinda kona kupate filamu yake: mota ya kushoto ikipunguzwa mwendo, kigari hupinda kushoto.

Tulipobadili meno, kigari kilivuka mchanga kwa mwendo wa kinyonga. Mtoto mmoja akauliza kama baiskeli ya baba yake ya kubebea mkaa nayo yaweza kubadilishwa meno. Kesho yake aliileta, tukayahesabu.