Siku ya Kwenda Kunduchi: Tufunge Mizigo kwa Akili

Ndugu mwanakisomo,

Sikukuu zinapokaribia watoto huanza maneno. "Baba, Idd hii tutakwenda wapi?" "Mama, mbona wenzetu walikwenda kuogelea na sisi tulibaki?" Wana haki kuuliza. Mtoto anahitaji kucheza kama anavyohitaji kula. Ndiyo maana familia nyingi za Mbagala, Tandika, Chamazi na Bunju hujinyima kidogo kidogo, zikaweka akiba, ili siku moja ziende kwenye bembea, ufukweni, au kwenye ile bustani ya michezo ya maji iliyoko Kunduchi, Wilaya ya Kinondoni, iitwayo Wet 'n' Wild.

Somo letu la leo si la kuogelea. Ni la kufunga mizigo. Huenda utacheka useme, "Kufunga mzigo nako kunataka darasa?" Ngoja nikusimulie.

Mwaka mmoja niliwapeleka wanangu watatu matembezi ya sikukuu. Nilijiona mtu wa mipango. Mkono wa kulia nilishika ndoo ya pilau. Mkono wa kushoto kikapu cha maji na soda. Begani nilining'iniza begi la nguo. Mama yao alimbeba mdogo mgongoni, na mikononi alikuwa na mkeka na mfuko wa vyombo. Tukafika kituo cha kubadili daladala. Watu walikuwa wengi kama siafu. Tulipohesabu watoto, yule wa kati, mwenye miaka mitano, hayupo!

Tulimtafuta kama robo saa. Kwangu ilikuwa kama mwaka. Kumbe mama lishe mmoja, Mungu ambariki, alimwona analia akamkalisha kwenye benchi lake. Alimwuliza, "Baba yako anaitwa nani?" Mtoto akajibu, "Baba." "Unakaa wapi?" "Nyumbani." Namba ya simu haijui. Nami kazi yangu ni kufundisha watu kuandika! Sikuwa nimemwandikia mwanangu hata mstari mmoja wa kuweka mfukoni.

Na ile pilau? Tulipoifungua saa nane mchana ilikuwa imechacha. Tukaimwaga.

Siku ile nilijifunza jambo moja, nalo ndilo somo lenyewe: mzigo mzuri ni ule unaokuachia mkono wa kumshika mtoto. Sasa tutazame hatua kwa hatua.

1. Uliza kabla ya kufunga

Kabla ya siku yenyewe, piga simu au mtume mtu aulize. Kiingilio cha mtu mzima ni kiasi gani, na cha mtoto je? Wanafungua na kufunga saa ngapi? Chakula cha nyumbani kinaruhusiwa? Nguo gani zinatakiwa majini? Sehemu nyingi za michezo ya maji hudai nguo maalumu za kuogelea, na nyingine hazikubali chakula cha kutoka nje. Ni hasara kubeba ndoo kutoka Mbagala mpaka Kunduchi halafu ikazuiwa getini.

2. Andika orodha

Chukua daftari. Gawa ukurasa sehemu mbili. Juu ya sehemu ya kwanza andika LAZIMA, na juu ya ya pili andika HIARI. Kwa kila kitu jiulize: "Tukikikosa hiki, itakuwaje?" Kama jibu ni "Tutapata shida kubwa," kiandike kwenye LAZIMA. Kama ni "Tutavumilia," kiandike kwenye HIARI.

Katika LAZIMA kwa kawaida huwamo:

- dawa za mwenye pumu, kisukari au ugonjwa mwingine;
- nauli ya kurudi, iliyofungwa peke yake na isiyoguswa;
- maji ya kunywa;
- nguo kavu moja kwa kila mtoto;
- kanga mbili;
- kofia;
- simu yenye chaji.

Kanga usiidharau. Ni taulo, ni shuka la kukalia, ni pazia la kubadilishia nguo, na ni mbeleko. Kitu kimoja chenye kazi nne kinashinda vitu vinne. Ule mkeka wangu uwe HIARI.

3. Pima uzito

Hapa tunatumia hesabu tuliyojifunza. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Familia ya watu 5, kila mmoja lita 1, ni kilo 5, bado chupa zenyewe. Asibebe mtu mmoja. Watoto wawili wakubwa wakibeba nusu lita kila mmoja, wazazi wamepunguziwa kilo nzima.

Jioni ya kuamkia safari, weka kila kitu mkekani. Kikague kwa orodha. Kisha funga, beba, uizunguke nyumba mara moja ukiwa na mkono mmoja mtupu. Ukishindwa, rudi kwenye sehemu ya HIARI upunguze. Begi la mgongoni ni bora kuliko ndoo. Usitegemee mifuko laini ya plastiki ya kubebea. Imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Tumia kikapu au mfuko wa kitambaa.

4. Chakula kisichochacha

Pilau, wali wa nazi, nyama na maharage huharibika upesi katika joto letu. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila kuwekwa kwenye baridi au kuhifadhiwa kikiwa cha moto sana. Kama chakula kinaruhusiwa, beba mkate, maandazi, karanga, ndizi na machungwa. Chungwa na ndizi zina ganda lake. Hazihitaji sahani wala kijiko.

5. Jua na maji

Jua la kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri ni kali. Watoto wote wavae kofia. Mtoto mwenye ualbino apewe zaidi: nguo ya mikono mirefu, kofia pana na mafuta ya kukinga jua, na akae kivulini saa hizo. Mtoto mwenye sikoseli asikae sana katika maji ya baridi. Akitoka akaushwe mara moja, avae nguo kavu, na anywe maji mara kwa mara.

Wengine hubeba boya la kupuliza kwa mdomo wakadhani limemaliza kazi. Jamani, boya lile ni mchezo, si mlinzi. Linaweza kupasuka au kumponyoka mtoto. Mtoto aliye majini awe na mtu mzima mmoja anayemtazama yeye tu, si simu. Mlinzi huyo hafungwi ndani ya begi.

6. Karatasi ya mfukoni

Hiki ndicho kitu chepesi kuliko vyote. Andika kwa herufi zinazosomeka jina la mzazi na namba mbili za simu. Ikunje, iweke ndani ya mfuko wa mtoto, si nje ambapo kila mpita njia ataisoma. Akivaa nguo ya kuogelea isiyo na mfuko, andika namba kwenye mkono wake kwa kalamu, na uirudie ikifutika. Mfundishe pia kutaja majina yenu kamili na mtaa wenu.

Ndugu mwanakisomo, ulipokaa darasani ukishika kalamu kwa shida, pengine uliona unajifunza kuandika barua tu. Sivyo. Mstari mmoja wa namba mfukoni mwa mwanao unaweza kumrudisha nyumbani.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mwandishi alimpoteza mtoto kituoni?
2. Familia ya watu 7 ikibeba lita 1 kwa kila mtu, maji yatakuwa kilo ngapi? Mtagawanaje?
3. Andika orodha ya safari yenu ya sikukuu ijayo: LAZIMA na HIARI. Wasomee watoto, nao waseme mlichosahau.

Nawatakieni matembezi mema. Mwende wote, mrudi wote.