Kriki Huinua, Lakini Haishiki

Majeraha mengine hayaletwi na vijidudu wala na mbu, bali na haraka. Somo hili ni juu ya mtu kuangukiwa na gari analolitengeneza nyumbani.

Hapa Birere wengi hutengeneza gari zao kando ya njia au katika parsele ndogo, kwa maana fedha ni haba. Si vibaya. Lakini angalia mahali unapolisimamisha. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka katikati ya mji wa Goma hadi ziwani, na mawe yake meusi yamo pote. Mawe hayo yana matundu ndani. Yaonekana magumu, lakini yakilemewa hupasuka ghafula. Matofali ya simenti nayo ni vivyo hivyo.

Kijana mmoja alisimamisha kriki juu ya jiwe la namna hiyo, akaingia chini ya gari kwa kazi ya dakika mbili tu. Jiwe likapasuka. Jirani walikuwa karibu, wakaliinua gari kwa mikono. Yu hai, lakini mbavu zake zilivunjika.

Kwa nini kriki haitoshi?

Kriki ya mafuta hutegemea mpira mdogo uliomo ndani. Mpira ukichakaa, mafuta huvuja na kriki hushuka. Kriki ya kuzungusha ina kitako chembamba. Gari likisogea kidogo, hupinduka. Na gari dogo mara nyingi huzidi kilo 1,000. Kifua kilichogandamizwa hakiwezi kupanuka, na asiyevuta pumzi hufa kwa dakika chache.

Fanya hivi

1. Chagua mahali tambarare na pagumu. Weka ubao mnene chini ya kriki.
2. Vuta breki ya mkono, tia gia ya kwanza, na uweke kabari za mti mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki chini.
3. Kama utatoa gurudumu, legeza nati zake kwanza, kabla ya kuinua.
4. Weka kriki mahali palipoonyeshwa katika kitabu cha gari, kamwe si chini ya bakuli la mafuta ya mashine.
5. Ukiisha kuinua, weka miguu miwili ya chuma iliyofanywa kwa kazi hii, yenye urefu sawa, chini ya chuma kigumu cha gari. Shusha pole pole mpaka uzito wote ukae juu yake.
6. Sukuma gari kwa mkono. Likitikisika, lishushe uanze tena.
7. Laza gurudumu ulilotoa chini ya ubavu wa gari. Ondoa watoto, na mtu mzima mmoja akae karibu nawe.

Kama huna miguu ya chuma, usiingie chini. Azima, au peleka gari garaji.

Mtu akibanwa

Piga kelele, watu waliinue gari mara moja. Tazama kama anapumua. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi. Usimkunje shingo wala mgongo.

Tena, mpeleke hospitali hata akisema ni mzima. Mwaka 1941, wakati wa vita, mganga Eric Bywaters wa London aliwaangalia watu waliofukiwa na nyumba zilizobomolewa kwa mabomu. Walitolewa wakisema vema, kisha figo zao zikashindwa kazi, wakafa baada ya siku chache. Nyama ya mguu iliyobanwa kwa muda mrefu hutoa sumu ndani ya damu. Kwa hiyo mwambie mganga alibanwa muda gani.

Maswali

1. Kwa nini jiwe jeusi si egemeo la gari?
2. Kazi ya kriki ni nini, na kazi ya miguu ya chuma ni nini?
3. Ni nani katika nyumba yako apaswaye kusomewa somo hili leo?