Somo la Wiki: Babu Ametoka Hospitali



Kwetu, mgonjwa akirudi nyumbani huambiwa, "Lala, pumzika." Hayo ni mapenzi. Lakini babu aliyefanyiwa upasuaji wa moyo akilala mno, anadhoofika.

Jambo hili lilipimwa Dallas mwaka 1966. Vijana watano wazima, wenye umri wa miaka 20, walilala kitandani wiki tatu. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulipungua kwa zaidi ya robo. Walipofanya mazoezi kwa wiki nane, nguvu zikarudi. Mwaka 1996 walipimwa tena, ikaonekana kuwa wiki tatu za kitandani ziliwadhoofisha kuliko miaka 30 ya kuzeeka.

Kifua na mikono

Ili aufikie moyo, daktari mara nyingi hupasua mfupa wa kidari, ulio katikati ya kifua, kisha huufunga kwa nyaya za chuma. Mfupa huo huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga. Misuli ya kifua imeshikana nao, kwa hiyo ukimvuta babu mkono, mfupa nao unavutwa. Ndiyo maana wengi hukatazwa kubeba zaidi ya kilo nne au tano. Galoni moja ya maziwa ni karibu kilo nne. Wewe mjukuu una kilo ngapi? Basi usiombe kubebwa! Babu akitaka kukohoa, mpe mto aukumbatie.

Miguu na mabega

Babu aanze kwa kutembea dakika chache, mara kadhaa kwa siku, kisha aongeze. Haba na haba hujaza kibaba. Jua la Houston likiwa kali, mtembee naye ndani ya maduka makubwa asubuhi. Mabega hukaza kwa sababu mgonjwa hujikunja kulinda kidonda. Ayazungushe taratibu kama alivyofundishwa. Wazazi, mwulizeni daktari kuhusu mazoezi ya tiba ya moyo, ambayo kwa kawaida ni vipindi 36.

Kidonda kikitoa usaha au mfupa ukilia kwa kugongana, mpigieni daktari siku hiyo hiyo. Akipata maumivu mapya ya kifua au akikosa pumzi, pigeni 911.

Sarufi

Angalia jozi hizi:
- inuka – inua
- lala – laza
- tembea – tembeza

Kitenzi cha kwanza, babu anatenda mwenyewe. Cha pili, wewe unamfanyia. Soma kwa sauti: "Usimwinue babu kwa mkono, mwache ainuke kwa nguvu za miguu." "Usimlaze kutwa, mtembeze."

Kazi ya nyumbani

1. Kwa nini hatumvuti babu mkono?
2. Tunga sentensi mbili ukitumia *inuka* na *inua*.
3. Mpigie simu babu au bibi yako. Mwamkie, kisha mwulize: "Leo umetembea?" Andika jibu lake, ulete darasani.