Dondoo muhimu: Kukosoa mpangilio wa mishale wa anayeanza

Katika michezo ya mdundo ya aina ya Dance Dance Revolution, uliotolewa na Konami mwaka 1998, au programu huria ya StepMania, ambamo mchezaji hukanyaga mishale kwa kufuata muziki, kosa la kwanza kutafutwa ni la wakati. Kasi ya wimbo ikiandikwa mapigo 120.1 kwa dakika badala ya 120, baada ya dakika tatu mishale huwa imeutangulia muziki kwa takriban sekunde 0.15, na mchezaji hodari huhesabiwa makosa yasiyo yake. Kabla ya kasi kurekebishwa, kukosoa mengine ni kazi bure.

Kisha hupimwa kila mshale unafuata sauti gani. Wanaoanza hupenda kujaza nafasi. Mshale usio na ngoma, kinanda wala sauti ya mwimbaji uondolewe.

Mwisho hutazamwa miguu, ambayo hupokezana, kushoto na kulia. Mfululizo unaomgeuza mchezaji mgongo bila kukusudiwa hutajwa kwa sekunde yake kamili, pamoja na pendekezo la mshale mbadala. Kusema tu “ni mgumu mno” hakumsaidii mtunzi hata kidogo. Tena mkosoaji aucheze mpangilio huo mwenyewe, kwa miguu. Kuutazama kwenye skrini hakutoshi.