SOMO: KUTENGENEZA DIRISHA LA NYUMA LA PIKAPU

Sababu ya somo hili

Mtaa wa Simi-Simi uko upande wa magharibi wa mji wa Kisangani, penye uwanja wa zamani wa ndege. Mji huu uko karibu sana na Ikweta, na kwa mwaka mvua yake hupita milimita 1,500. Basi mkulima wa huku hana kiangazi kirefu cha kungojea. Akisafiri, mvua humkuta njiani.

Wakulima wengi hupeleka mpunga na muhogo kwa watu wachimbao dhahabu na almasi pande za Banalia na Bafwasende. Wakirudi, au wakitoka Yangambi penye kituo cha utafiti wa kilimo, huchukua mbegu. Mbegu haziwekwi nyuma pamoja na mizigo, kwa kuwa hapo hunyeshewa. Huwekwa ndani, nyuma ya kiti cha dereva, na mwenye mbegu hudhani kwamba hapo zimehifadhika.

Lakini pikapu nyingi za zamani zina dirisha la nyuma la kusukuma, na dirisha hilo likichakaa huvuja. Maji hushuka kimya nyuma ya kiti, wala dereva hayaoni. Gunia hulowa chini na juu hubaki kavu. Mkulima hupanda, kisha hungoja mbegu ambazo hazitaota. Msimu mmoja umepotea kwa sababu ya tundu dogo lililozibwa na udongo.

Sehemu za dirisha

Tazama dirisha vizuri kabla ya kushika chombo chochote. Utaona mambo haya:

1. Fremu, ambayo kwa kawaida ni ya alumini.
2. Mpira mnene uzungukao fremu na kuishika kwenye bati la gari.
3. Vioo visivyosogea, pembeni.
4. Kioo kimoja au viwili vya katikati visogeavyo.
5. Mfereji ambamo kioo husogea, wenye utepe wa manyoya au wa mpira.
6. Vitundu vidogo chini ya mfereji, upande wa nje, vya kutolea maji.
7. Kikomeo cha kufungia.

Fahamu sana jambo la 6. Mfereji wa dirisha hili hupokea maji kila mvua inyeshapo. Aliyelitengeneza alijua hivyo, akaweka vitundu ili maji yatoke nje. Vitundu vikizibwa na vumbi jekundu la barabara, maji hujaa mfereji na kumwagika ndani. Mtu asiyejua hupaka gundi kila mahali, na hata vile vitundu huvifunga. Baada ya hapo dirisha huvuja kuliko kwanza.

Basi kanuni ya somo hili ni moja: usizibe kitu kabla hujajua maji yanapita wapi.

Kutafuta mahali panapovuja

Kazi hii yataka watu wawili. Toa kiti au kisogeze mbele, kausha ndani kwa kitambaa. Mmoja akae ndani na tochi na chaki. Mwingine asimame nje na ndoo ya maji na kikombe.

Wa nje aanze kumwaga maji chini ya dirisha, polepole, kwa muda wa dakika 3. Kisha pembeni, halafu juu, na mwisho kwenye ungio la paa. Usianze juu, maana maji yatatelemka kila mahali nawe hutajua yameingilia wapi. Wa ndani aonapo tone la kwanza, apige kelele na kutia alama ya chaki.

Maji yakitoka katika mfereji, kosa ni la vitundu au utepe. Yakitoka kati ya mpira na bati, kosa ni la mpira au ni kutu.

Kusafisha mfereji

Anza na kazi hii kila mara, maana haina gharama, na mara nyingi yatosha peke yake.

Chukua mswaki wa zamani, maji ya uvuguvugu na sabuni. Sugua mfereji mpaka udongo uishe. Zibua vitundu kwa kijiti chembamba; ukitumia waya, usikwaruze. Kisha mimina kikombe cha maji katika mfereji: sharti yatoke nje upesi.

Usipake petroli, grisi wala mafuta ya injini. Vitu hivi huvimbisha mpira na kuulainisha, tena hushika vumbi. Kioo kikiwa kigumu kusogea, paka maji ya sabuni kidogo, au dawa ya silikoni ya kulainisha mipira.

Utepe ukiwa umeliwa na kioo kinagongagonga, ung'oe taratibu kwa bisibisi bapa. Chukua kipande chake dukani, upate mwingine wa upana na unene ule ule.

Kubadili mpira mkubwa

Mpira uliokauka na kupasuka haufai kupakwa gundi juu. Ubadilishe. Vaeni glavu nene.

Mmoja akae ndani. Kwa kijiti cha mbao kisicho na ncha, ainue mdomo wa mpira kutoka ukingo wa bati, akianzia kona ya juu, huku akisukuma fremu nje kidogo kidogo. Wa nje ailaki kwa mikono miwili asije akaiangusha.

Sasa tazama ukingo wa bati. Penye kutu, kwangua mpaka chuma king'ae, paka rangi ya kuzuia kutu, ungoje ikauke kabisa. Kuweka mpira mpya juu ya kutu ni kazi bure.

Vika fremu mpira mpya. Chukua kamba laini ya nailoni, unene wa milimita 4 au 5, uilaze katika mtaro wa mpira kuzunguka dirisha lote. Ncha zake zipishane chini katikati. Paka maji ya sabuni. Weka dirisha mahali pake kutoka nje, ncha za kamba ziwe ndani. Wa nje akandamize kwa viganja. Wa ndani avute kamba polepole. Kamba itokapo huvuta mdomo wa mpira ukapanda juu ya bati. Pimeni tena kwa maji.

Ukihitaji gundi chini ya mdomo wa nje, tumia ile ya vioo vya magari. Silikoni yenye harufu ya siki huleta kutu kwenye chuma kitupu.

Kikomeo kikivunjika, kata kijiti cha urefu wa nafasi iliyobaki katika mfereji, ukilaze humo. Kioo hakitafunguka mpaka upate kikomeo kingine.

Hatari ya moshi

Gari liendapo, upepo hujikunja nyuma yake na kurudisha vumbi na moshi. Dirisha la nyuma likiwa wazi, moshi huingia kwa dereva na kwa watoto waliopakatwa. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Mtu akiumwa kichwa, akiona kichefuchefu au usingizi wa ghafula, simamisha gari, tokeni wote nje. Bomba la moshi lililotoboka litengenezwe. Mapipa ya petroli ya machimboni yakiwa nyuma, dirisha lifungwe.

Ikiwa mbegu zimekwisha lowa

Zitandaze kivulini penye upepo mpaka zikauke. Usipande kwa kubahatisha. Hesabu mbegu 100, zifunge katika kitambaa chenye unyevu, uzitazame kila siku kwa muda wa siku 7 hadi 10. Zikiota 80 au zaidi, panda. Zikipungua sana, tafuta mbegu nyingine kabla ya mvua kupita. Na safari ijayo, weka gunia juu ya ubao, lisiguse bati la nyuma.

Maswali

1. Vitundu vya chini ya mfereji vina kazi gani?
2. Kwa nini maji ya kupimia huanza kumwagwa chini?
3. Kwa nini petroli haifai kwa mpira?
4. Kamba husaidia nini katika kuweka mpira mpya?
5. Utajuaje kama mbegu zilizolowa zafaa kupandwa?