Anza na daftari la kikoba: vidokezo 9 vya kuunda programu yako ya kwanza ya wavuti

Umeshajifunza Python kidogo. Unaandika kitanzi bila kuchungulia kitabu, unajua orodha, umetengeneza programu mbili tatu zinazochapa majibu kwenye skrini nyeusi. Sasa unataka kitu chenye anwani, kitu ambacho mama yako mdogo anaweza kukifungua kwenye simu yake. Wengi hukwama hapa kwa sababu wanaanza na kazi kubwa mno: soko la mtandaoni, mtandao wa kijamii, mfumo wa shule nzima. Mimi nakushauri utengeneze daftari la kikoba. Kama uko Kenya, liite daftari la chama. Kazi ni ileile.

1. Kaa na katibu kabla ya kukaa na kompyuta

Kila mkutano wanachama wananunua hisa, wanachangia mfuko wa jamii, wanakopa, wanarejesha, na aliyechelewa anatozwa faini. Yote yanaandikwa kwenye daftari kubwa la mistari. Mwombe katibu akuonyeshe ukurasa mmoja na umuulize wanachama humsumbua kwa swali gani. Aghalabu ni hili: "Hisa zangu zimefika ngapi?" Programu yako ya kwanza ijibu swali hilo, basi. Mikopo na riba viache kwanza. Kila kikundi kina kanuni zake za riba, na ukianza nazo hutafika kwenye hisa.

2. Chora kwa kalamu

Skrini tatu zinatosha: orodha ya wanachama, fomu ya kuingiza hisa, na ukurasa wa mwanachama mmoja unaoonyesha jumla yake. Nyuma ya skrini hizo yako majedwali mawili. La kwanza ni la wanachama: namba, jina, simu. La pili ni la hisa: nani kanunua, ngapi, kwa shilingi ngapi, mkutano wa tarehe gani.

Jumla usiihifadhi popote. Iache programu iijumlishe kila inapoulizwa. Ukihifadhi manunuzi na jumla kwa pamoja, iko siku vitapishana, na hapo hutajua kipi ndicho cha kweli.

3. Chukua zana chache, ufunge masikio

Python, Flask na SQLite. Flask ilianzishwa na Armin Ronacher mwaka 2010, na ni nyepesi kiasi kwamba programu ya kusema "Karibu" kwenye kivinjari haizidi mistari mitano. SQLite ni kazi ya D. Richard Hipp, tangu mwaka 2000. Huweka hifadhidata nzima ndani ya faili moja, na Python huja nayo tayari, kwa hiyo huna seva ya hifadhidata ya kusakinisha. Usiidharau kwa udogo wake. Simu za Android zinaitumia ndani kwa ndani kila siku.

Watakuja watu kukuambia kwamba bila React hujafanya kitu. Waitikie kwa heshima, uendelee. Django nayo ni nzuri sana, ila inakupa mambo mengi kwa mkupuo, na mwanafunzi anaishia kunakili asichokielewa. Faida nyingine ya zana hizi ni bando: ukishapakua Flask, programu inaendeshwa kwenye mashine yako mwenyewe, kwa anwani 127.0.0.1:5000, hata intaneti ikiwa imekatika mtaa mzima.

4. Pitisha jina moja kutoka fomu hadi hifadhidata, kisha lirudishe

Hiki ndicho kidokezo kikubwa kuliko vyote. Usitengeneze skrini zote tatu kwa pamoja, na rangi usiziguse bado. Tengeneza fomu yenye kisanduku kimoja cha jina na kitufe cha "Hifadhi". Ukibonyeza, kivinjari kinatuma ombi kwa seva. Seva inalisoma jina, inaliandika kwenye jedwali, inarudisha ukurasa wenye orodha. Sasa zima programu kabisa. Iwashe tena. Jina bado lipo? Basi umeshaunda programu ya wavuti, na karibu kila utakachoongeza baadaye ni njia hiyohiyo ikirudiwa kwa data nyingine.

Kuna mambo mawili ya kuyashika hapa. La kwanza: ombi la kusoma ni GET, na la kubadilisha kitu ni POST. Kununua hisa ni POST siku zote. La pili: ukishahifadhi, mwelekeze mtumiaji kwenye ukurasa mwingine kwa `redirect`. Usipofanya hivyo, katibu akiupakia upya ukurasa ule, kivinjari kinaweza kutuma fomu ileile kwa mara ya pili, na mtu aliyenunua hisa tatu ataonekana ana sita. Kwenye fedha za watu huo ni ugomvi wa kikao kizima.

5. Soma ujumbe wa kosa kuanzia mstari wa mwisho

Python ikigoma humwaga maneno mengi, lakini sababu yenyewe huwa chini kabisa. Kwenye kivinjari, 404 ina maana anwani hiyo haipo. 405 maana yake anwani ipo ila hukuiruhusu ipokee POST. 500 ni msimbo wako umeanguka njiani. Rudi kwenye terminali ukasome.

6. Zijue tabia za data za kwetu

Vitabu vingi vya kufundishia vimeandikwa kwa mifano ya mbali, na hapa ndipo vinapokuacha.

Anza na majina. Siku utakayomsajili Ng'wandu, programu inaweza kuanguka ilhali iliwapokea Asha na Juma bila shida. Ile alama iliyo katikati ya jina ndiyo SQL inayoitumia kufunga maandishi, kwa hiyo ukiunganisha jina na sentensi ya SQL kwa alama ya kujumlisha, sentensi inakatika katikati. Ubaya zaidi, mtu mwenye nia mbaya anaweza kupita kwenye tundu hilohilo akatuma amri zake kwenye hifadhidata yako. Dawa ni moja kwa yote mawili: weka alama ya kuulizia (?) mahali pa jina, na jina lenyewe ulipitishe kando. SQLite italitunza kama lilivyo.

Namba ya simu ihifadhi kama maandishi. Ukiifanya namba ya hesabu, sifuri ya mwanzo inapotea na 07 inakuwa 7.

Fedha ziandike kwa shilingi kamili, bila nukta. Iulize Python 0.1 + 0.2 uone: itakujibu 0.30000000000000004. Hakuna mweka hazina atakayekubali hesabu hiyo.

Halafu saa. CURRENT_TIMESTAMP ya SQLite inatoa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kumbukumbu ukiiingiza saa saba usiku itaandikwa saa nne usiku, tena kwa tarehe ya jana. Kwa daftari la kikoba njia salama ni kuweka kisanduku cha tarehe ya mkutano kwenye fomu, katibu aijaze mwenyewe.

7. Ifungue kwenye simu mapema

Watumiaji wako hawana laptopu. Unganisha simu na laptopu kwenye Wi-Fi moja, endesha `flask run --host=0.0.0.0`, kisha andika kwenye simu anwani ya IP ya laptopu ikifuatwa na :5000. Hakikisha hali ya debug imezimwa, kwa sababu inaweza kumpa mgeni mwanya wa kuendesha msimbo kwenye mashine yako. Ukiona maandishi madogo kama sisimizi, umesahau ule mstari wa `viewport` kichwani mwa HTML. Vitufe viwe vikubwa. Picha za mapambo acha. Zinakula bando la watu.

8. Tunza kila hatua kwa Git

Kitu kimoja kikifanya kazi, kihifadhi kabla ya kugusa kingine. Lakini faili la hifadhidata lisiende GitHub hadharani, maana lina majina na simu za wenzako. Liandike kwenye `.gitignore` siku ya kwanza.

9. Majina ya kubuni kwanza, ya kweli baadaye

Jaribu kwa majina uliyoyatunga mpaka uridhike. Ukiongeza nywila za kuingilia, usizihifadhi wazi. Werkzeug, inayokuja pamoja na Flask, ina `generate_password_hash` kwa kazi hiyo. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, kwa hiyo waombe wanachama ridhaa kabla ya kuingiza taarifa zao. Na daftari la karatasi lisitupwe. Yaende mawili sambamba kwa mizunguko kadhaa, mkilinganisha jumla mwisho wa kila mkutano.

Siku ya kuipeleka, mpe katibu simu, kisha nyamaza. Usimwelekeze abonyeze wapi. Angalia kidole chake kinasita wapi, ukiandike kila kinachomkwaza. Rekebisha hayo yote kwanza, ndipo umuulize habari za mikopo.