Masanduku ya Pikipiki: Lini Yafungwe, Lini Yatolewe



Wengi wenu husafiri mbali kwa pikipiki. Leo mtu yuko peke yake na bidhaa zake. Kesho amempakia mkewe au jirani. Ndiyo maana wengine hufunga keria yenye masanduku yanayotolewa na kurudishwa. Utaratibu huu ni mzuri, mradi tukumbuke kanuni moja: abiria akipanda, mzigo upungue.

Uzito

Kikomo cha uzito kimeandikwa katika kitabu cha pikipiki. Hujumlisha mwendeshaji, abiria, keria, masanduku na vilivyomo. Tuseme kikomo ni kilo 150. Mwendeshaji ana kilo 70, abiria 60, keria na masanduku matupu 12. Zimebaki kilo 8 tu. Mfuko wa mchele wa kilo 25 hauna nafasi. Akiwa peke yake, mwendeshaji huyo ana nafasi ya kilo 68.

Mahali pa mzigo

Mzigo mzito uliokaa nyuma kabisa huipunguzia nguvu tairi ya mbele kushika barabara. Usukani huwa mwepesi na pikipiki huyumba. Vitu vizito vikae chini, karibu na kiti, kwa uzito sawa kulia na kushoto. Vyepesi viwekwe sanduku la juu. Abiria akae kwenye kiti, kamwe si juu ya keria, na miguu yake ipate pa kukanyaga.

Keria ifungwe kwa boliti kwenye fremu. Isifiche taa ya breki, indiketa wala namba ya usajili.

Kabla ya kuondoka

Kila mzigo unapobadilika, kagua upepo wa tairi, shokapu na cheni. Uzito wa nyuma huinua mwanga wa taa ya mbele ukawapofusha wanaokuja, urekebishwe. Kofia ngumu ni mbili: ya mwendeshaji na ya abiria.

Mpakani

Anayevuka Katuna kutoka Uganda kuingia Rwanda huacha upande wa kushoto na kushika wa kulia. Masanduku ya pembeni huongeza upana wa pikipiki. Apishane na wengine kwa nafasi ya kutosha.

Bidhaa za biashara zitangazwe forodhani, na funguo za masanduku ziwe karibu. Usipokee kifurushi kilichofungwa usichojua kilichomo, hata ukiahidiwa malipo mazuri. Kikikutwa na kitu haramu katika sanduku lako, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Ukilala safarini, toa masanduku uingie nayo chumbani. Asubuhi yakague kabla ya kuyafunga.

Zoezi

Pima uzito wako, wa abiria wako na wa masanduku yako. Linganisha jumla na kikomo cha pikipiki yako. Ikizidi, kipi kitabaki nyumbani?

Tunawatakia safari njema.